Daktari wa Jicho Moja na Mioyo ya Watoto

Msomaji aliyezoea joto la Mombasa au Lamu, akifika Kaplong mara ya kwanza, hudhani amevuka mpaka na kuingia nchi nyingine. Ni njia panda tu, karibu na mji wa Sotik, katika milima ya chai ya Kericho na Bomet. Chai imetandikwa vilimani kama busati la kijani, asubuhi pana ukungu, na kanzu peke yake haitoshi. Mtu hutafuta koti. Hapo barabara tatu hukutana. Moja yatoka Kericho, moja yatoka Narok na Bomet, na ya tatu yapanda kutoka Kisii na nchi za ziwa. Kuna hospitali ya misheni, kuna shule, kuna vibanda vya chai, na magari ya abiria yakingojea kujaa.

Kwa mpita njia, Kaplong ni mahali pa kubadilisha gari. Kwa mtu anayefuata habari za marehemu Daktari Denis Burkitt, mahali hapo pana maana nyingine. Burkitt alichora mstari katika ramani ya Afrika. Chini ya mstari huo, kwenye joto na mvua, watoto walikuwa wakipatwa na saratani moja ya ajabu inayovimbisha mataya. Juu yake, penye baridi, ugonjwa huo ulikuwa haba. Katika nchi zilizo karibu na ikweta mstari ulipita kwenye kimo cha futi 5,000 hivi. Ziwa la Viktoria liko futi 3,700 juu ya bahari, na Kaplong ni karibu futi 6,000. Basi gari litokalo ziwani kuja milima ya chai huvuka mstari wa Burkitt, wala dereva hana habari.

Na huenda ndani ya gari hilo yumo mtoto aliyekwisha kupona saratani, amepakatwa na mama yake, wanashuka Kaplong ili wapande gari jingine la Bomet, waende hospitali ya Tenwek akapigwe picha ya moyo. Mtu atauliza, moyo umeingiaje, na ugonjwa ulikuwa tayani? Jibu ni refu kidogo, na lazima tulianze Ireland.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911, katika mji wa Enniskillen. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa wilaya, mtu wa barabara na madaraja, na saa zake za mapumziko akizitumia kuwatazama ndege. Aliwatia pete miguuni ndege wadogo wa bustanini, kisha akaandika kila mmoja anakaa wapi na himaya yake inaishia wapi. Kazi ile ya ndege ingali ikitajwa na wataalamu mpaka leo. Nimeitaja kwa sababu mwana, alipokuwa mtu mzima, alifanya kwa ugonjwa yale yale aliyoyafanya baba kwa ndege: aliuliza unakaa wapi, na mpaka wake uko wapi.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, wavulana wa shule walirushiana mawe. Jiwe moja likampata Denis usoni, likavunja miwani yake, na jicho la kulia likapotea. Tangu siku hiyo aliutazama ulimwengu kwa jicho moja. Mwaka wa 1929 aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, lakini haukupita muda akageukia udaktari, akahitimu mwaka wa 1935. Miaka mitatu baadaye akawa mpasuaji kamili.

Alitaka kuja Afrika, lakini wakubwa wa utumishi wa makoloni walimkataa kwa ajili ya lile jicho. Katika nchi za joto, waliona, mpasuaji wa jicho moja hafai. Vita vikuu vilipokuja, jeshi halikuwa na nafasi ya kuchagua sana. Likamchukua, likamleta Kenya na Somalia. Jina la Burkitt halikuwa geni Nairobi, kwani ami yake, Daktari Roland Burkitt, alikuwa mmoja wa wapasuaji wa kwanza wa mji huo, mtu mkali aliyesifika kwa kuwatibu wenye homa kwa kuwavua nguo na kuwamwagia maji baridi. Denis alikuwa mpole kuliko ami yake. Mwaka wa 1943 alimwoa Bi. Olive Rogers, muuguzi, wakajaliwa mabinti watatu.

Vita vilipokwisha, mlango uliokuwa umefungwa ulifunguka, na mwaka wa 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Huko alianza tabia iliyompa sifa baadaye. Wanaume wengi walimjia na busha, ugonjwa ambao sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa. Daktari mwingine angepasua na kushona na kungoja anayefuata. Burkitt alimwuliza kila mgonjwa ametoka kijiji gani. Akaona kwamba upande wa mashariki wa wilaya busha limejaa, na upande wa magharibi ni nadra. Hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na kalamu, daftari na swali.

Mwaka wa 1948 alihamia Kampala, hospitali ya Mulago. Hapo, mwaka wa 1957, mwenzake Daktari Hugh Trowell alimwita wodini kumtazama mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya za mtoto yule zilikuwa zimevimba pembe zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yamelegea, uso umeharibika. Jipu halitoki pembe nne kwa wakati mmoja. Saratani ya kawaida nayo haikujulikana kufanya hivyo. Burkitt alipiga picha, akakiri kwamba haelewi, na mtoto akafariki.

Wiki chache zilipita. Burkitt alikuwa amekwenda hospitali ya Jinja, na akiwa humo ndani alichungulia dirishani, akamwona msichana mdogo nje, ameketi na mama yake, na uso wake ni ule ule. Alitoka mbio kumpima. Mbali na taya, alimkuta na uvimbe tumboni. Mtoto mmoja ni ajabu, lakini wawili ni jambo la kutafutwa. Alirudi Mulago akafunua mafaili ya zamani, akakuta watoto wengine waliokwisha kuandikwa kila mmoja kwa jina lake la ugonjwa: huyu wa taya, yule wa figo, yule wa ini. Hakuna aliyewaweka pamoja. Yeye aliwaweka pamoja, na mwaka wa 1958 akaandika habari zao katika jarida la wapasuaji la Uingereza.

Haki isemwe. Yeye hakuwa wa kwanza kuuona ugonjwa huo. Daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo alikuwa ameandika habari za uvimbe wa namna hiyo miaka mingi nyuma, na bila shaka mama wa Kiganda na wa Kijaluo waliujua kabla ya daktari yeyote. Lakini kuona ni jambo moja, na kukusanya yaliyoonwa ni jingine. Ndiyo sababu leo unaitwa uvimbe wa Burkitt.

Hapa nitakatiza kidogo kwa neno. Sisi husema saratani, na wenye kujua nyota watakumbuka kwamba Saratani ni Kaa. Waarabu waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa kama walivyouita Wayunani kabla yao, kwa jinsi mishipa yake inavyojitanda kama miguu. Na huu wa watoto ni kaa mwenye mbio kuliko wote; uvimbe waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mama akingoja mwezi apate nauli, amekwisha kuchelewa.

Burkitt alipewa paundi 25 za serikali kwa uchunguzi wake. Akachapa vikaratasi 1,000 vyenye picha za watoto, akavipeleka katika hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza kama wamepata kuona mfano wake. Majibu yalipokuja alibandika alama katika ramani iliyokuwa ukutani ofisini. Alama zikajipanga kama mshipi unaoivuka Afrika ya kati kutoka magharibi hadi mashariki, kisha mkia wake ukateremka kufuata mwambao wetu kwenda kusini.

Ili ajue mpaka wa kusini, mwezi wa Oktoba 1961 alisafiri kwa gari. Walikuwa watatu: yeye, Daktari Ted Williams wa Kuluva, na Daktari Cliff Nelson. Gari lilikuwa Ford kuukuu la mwaka wa 1954, lililonunuliwa kwa paundi 250. Williams alikuwa fundi wa kutengeneza magari, na bila yeye safari isingefika. Wakapita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia, Msumbiji, mpaka Afrika Kusini, wiki kumi, maili 10,000, hospitali karibu 60. Kila mahali swali ni lile lile: mmewaona watoto wa namna hii, na wametoka wapi? Walivyozidi kwenda kusini ndivyo mstari ulivyoshuka milimani, mpaka ukafika karibu na usawa wa bahari. Bwana Alexander Haddow, mtaalamu wa mbu huko Entebbe, alimwonyesha kwamba huo haukuwa mpaka wa kimo, bali wa joto. Penye baridi mno mbu hastawi.

Hapo ndipo malaria ilipoingia katika hesabu. Unguja na Pemba, ambako wakati ule malaria ilikuwa imepigwa vita sana, ugonjwa huu ulikuwa nadra, ingawa joto na mvua ni kama za mrima. Upande wa mrima, watoto wa Pwani ya Kenya wamo ndani ya ramani yake mpaka leo, sawa na watoto wa ziwani. Mwaka wa 1964 wataalamu watatu mjini London, Epstein, Achong na Barr, walikuta kirusi ndani ya uvimbe uliopelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Leo yajulikana kwamba kirusi hicho huwaingia karibu watoto wote wa nchi zetu wakiwa wadogo, na malaria ya mara kwa mara huudhoofisha ulinzi wa mwili, hata chembe moja ya damu ikaasi.

Sasa tufike kwenye dawa. Burkitt alikuwa mpasuaji, na kisu hakikufaa kitu kwa uvimbe ule. Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Wataalamu wa Marekani waliposikia habari hizo walimletea dawa mpya za saratani, kwanza methotreksati, na baadaye siklofosfamidi na nyinginezo. Wakati huo huo Nairobi, Daktari Peter Clifford alikuwa akizijaribu pia. Matokeo yaliwashangaza wote. Mtoto aliyekuwa hawezi kufunga kinywa, jicho limesukumwa nje, baada ya siku chache za dawa uso wake ulirudi. Wengi wao ugonjwa uliwarudia wakafariki. Lakini wachache hawakurudiwa. Mwezi wa Januari 1966 mabingwa wa saratani wa dunia walikutana Kampala, wakaonyeshwa watoto walio hai. Kwao lilikuwa jambo geni, saratani ya mtoto kuondoka kwa dawa peke yake. Mwaka wa 1972 Burkitt na wenzake, miongoni mwao Daktari Anomah Ngu wa Kameruni, walipewa tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kazi hiyo.

Yeye mwenyewe alikwisha kuondoka. Mwaka wa 1966 alirudi Uingereza na kukiweka kisu chini, akaishi miaka yake iliyobaki akihubiri habari za makapi ya nafaka. Alishikilia kwamba Mzungu huugua tumbo kwa sababu ya mkate mweupe na unga uliokobolewa, na kwamba mkulima wa Kiafrika mwenye mtama na kunde zake amesalimika. Katika nchi za Magharibi wengi humkumbuka kwa makapi kuliko kwa watoto. Alifariki tarehe 23 Machi, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Nyuma yake kazi ya Kampala ilishikwa na wengine ambao magazeti hayakuwataja sana. Profesa Sebastian Kyalwazi, mpasuaji Mganda, alisimamia kuanzishwa kwa Taasisi ya Saratani ya Uganda mwaka wa 1967, na Daktari John Ziegler wa Marekani akawa mkuu wake wa kwanza. Wageni walipoondoka katika miaka ya Amin, Daktari Charles Olweny aliichukua taasisi hiyo na kuilinda isife. Mimi huona wanaume hao wawili wa Uganda wanastahili barabara zilizoitwa kwa majina yao.

Ni katika siku za Olweny ambapo dawa nyekundu ilifika Kampala. Jina lake ni doksorubisini, na iling'amuliwa Italia kutokana na vijidudu vya udongo. Watengenezaji wake waliiita kwa jina la bahari ya Adria. Ni nyekundu kama sharubati ya komamanga, hata mkojo wa mgonjwa hugeuka rangi. Mwaka wa 1975 Olweny na wenzake waliandika habari za kuitumia kwa watu wazima wenye saratani ya ini. Huko duniani ilikwisha kuanza kutumika kwa watoto: saratani ya damu, ya tezi, ya mifupa, ya figo iliyoenea. Kwa uvimbe wa Burkitt hospitali nyingi za Afrika Mashariki hutibu kwa dawa zile za zamani bila ya hii nyekundu, lakini ugonjwa ukiwa mzito huongezwa. Ni dawa yenye nguvu. Imeokoa watoto wasiohesabika.

Na ina deni. Dawa hii huumiza misuli ya moyo. Chembe za ngozi na za damu zikiharibiwa huzaliwa nyingine, ila za moyo karibu hazizaliwi tena. Aliyonayo mtu ni zile zile mpaka kaburini. Mtu mzima moyo wake umekwisha kukua. Mtoto wa miaka minne moyo wake ni kama ngumi ndogo, nao unatakiwa ukue pamoja na mwili mpaka awe kijana. Ukipoteza sehemu ya chembe zake mapema, kuta zake hubaki nyembamba, na mwili unaokua huudai kazi usiyoiweza. Wanaodhurika zaidi ni waliotibiwa wakiwa chini ya miaka mitano, na wasichana kuliko wavulana. Aliyepigwa mionzi kifuani mzigo wake ni maradufu.

Tena hatari hii haiji na kelele. Mtoto hutoka hospitali anacheka, ananenepa, anarudi chuoni na madrasa. Moyo hujikaza. Miaka mitano, kumi, ishirini hupita. Ndipo kijana huanza kuchoka akicheza mpira, nyumbani wakamwita mvivu. Halafu pumzi zikawa fupi, miguu ikavimba jioni. Katika siku za Burkitt swali hili halikuwepo, kwa sababu wengi hawakuishi mpaka lije. Moyo ni swali la waliobaki hai.

Kwa hiyo moyo hutazamwa kabla, na wakati wa dawa, na baada. Kabla, kwa sababu mtoto wa kwetu mara nyingi haji hospitali na moyo mzima. Profesa Jack Davies, yule aliyeanzisha daftari la kuhesabu saratani Kampala, ndiye aliyeeleza mwaka wa 1948 ugonjwa wa Waganda ambapo utando wa ndani ya moyo hugeuka kovu gumu. Saratani na moyo zilikaa jengo moja hapo Mulago, chini ya mtu mmoja. Ongeza homa ya baridi yabisi inayotafuna vali za moyo wa mtoto baada ya maumivu ya koo yasiyotibiwa, ongeza upungufu wa damu na utapiamlo. Mtoto wa namna hiyo akitiwa dawa nyekundu bila ya kupimwa, daktari anatembea gizani.

Wakati wa dawa, huandikwa kila tone. Hesabu hufanywa kwa ukubwa wa mwili wa mtoto, nayo hujumlishwa tangu siku ya kwanza. Jumla ikifika miligramu 250 kwa kila meta ya mraba, mtoto huyo huhesabiwa katika walio hatarini zaidi, na inafaa moyo wake utazamwe kila baada ya miaka miwili, maisha yake yote. Aliyepata kati ya 100 na 250, kila miaka mitano. Iko pia dawa nyingine, deksirazoksani, inayotiwa mshipani kabla ya ile nyekundu ili iukinge moyo, lakini si kila hospitali inayo.

Chombo cha kutazamia ni kile kinachoitwa eko. Hakichomi wala hakina miale. Daktari hupaka mafuta mepesi kifuani, akapitisha kidude kinachotoa sauti isiyosikika, na mwangwi wake ukirudi huchora moyo katika kioo, unavyofunga na kufungua. Pomboo huwatafuta samaki kwa njia hiyo hiyo. Cha kufurahisha watu wa bandarini ni kwamba chombo hiki kimetoka katika kazi ya meli. Mwaka wa 1953 huko Sweden, Daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima mashine ya kutafutia nyufa za chuma katika karakana ya merikebu mjini Malmö, wakaielekeza kifuani mwa mtu. Leo daktari hupima chumba cha kushoto cha moyo kinasukuma nje sehemu gani ya damu iliyomo. Mtu mzima wa afya husukuma zaidi ya nusu. Kiasi hicho kikianza kushuka kutoka kipimo cha kwanza, hata kama mtoto haoni lolote, daktari huweza kupunguza dawa nyekundu, au kumwanzishia vidonge vya kuupunguzia moyo kazi. Ibn Nafis, mzaliwa wa Sham aliyefariki Misri mwaka wa 1288, aliyefahamu kabla ya Wazungu kwamba damu hupita mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo kwenda wa pili, sijui angetoa nini apate kukaa nusu saa mbele ya kioo hicho.

Ndiyo maana ya gari la Kaplong. Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanza mwaka wa 1937 kama zahanati ndogo huko Bomet, imekuwa kwa miaka hii mahali pa kupasulia mioyo, zaidi kwa ajili ya wale walioharibiwa vali na baridi yabisi. Dawa za saratani kwa watoto wa pande hizo hutafutwa Eldoret au Kisumu. Basi mtoto mmoja ana mafaili mawili au matatu katika miji mbalimbali, na jumla ya dawa yake nyekundu iko katika moja tu. Aliye na eko hajui jumla, aliye na jumla hana eko karibu. Burkitt aliyatoa mafaili katika makabati mbalimbali akayaweka mezani pamoja. Kazi hiyo haijaisha, na pengine mwenye kuifanya sasa ni mama, kwa kuomba aandikiwe jumla ile katika kadi ya mtoto.

Huku kwetu kuna jambo jingine, nalo ni la nyumbani. Mtoto wa kike akipona saratani, watu wazima hukubaliana lisitajwe tena. Huogopa posa. Binti hukua, akaolewa, wala mume hajui, wala mkunga hajui, na huenda binti mwenyewe hakumbuki vizuri kwa kuwa alikuwa na miaka mitatu. Kisha hushika mimba. Mwanamke mwenye mimba damu yake huongezeka karibu nusu, na moyo hulazimika kuibeba yote. Moyo uliokuwa ukijikaza kimya kwa miaka ishirini waweza kuonyesha udhaifu wake katika miezi ya mwisho au siku ya kujifungua. Daktari akijua mapema, hupima, hutia dawa, humweka karibu na hospitali, na wengi huzaa salama. Mimi siwalaumu wazee wanaoficha. Najua uzito wa maneno ya mtaani. Lakini naona mambo mawili yasichanganywe. Kumficha majirani ni haki ya nyumba. Kumficha mkunga ni kumtupa binti baharini bila ya kumwambia kwamba jahazi lina tundu.

Magari ya Kaplong hayaondoki mpaka yajae. Safari ya kutoka ziwani mpaka Bomet na kurudi humla mama siku nzima, na nauli yake, na kibarua cha siku hiyo. Mtoto aliyelala mapajani mwake hana dalili yoyote; ameshiba, anapumua vizuri, uso umerudi ulivyokuwa. Mama anayo kadi katika mkoba, na juu yake imeandikwa tarehe ya leo na tarehe ya miaka miwili ijayo.